Kikombe Nilichokijaza Mwenyewe

Hadi leo nikitumwa mjini Kebirigo huzunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya kanisa, na kosa ni langu.

Rafiki yangu Kemunto aliniletea picha ya zamani ya baba yake, isiyo na rangi. Aliomba niichore upya kwa kalamu nene za rangi, iwe zawadi ya kumshukuru mzee kwa utumishi wake kanisani. Mzee ni Msabato na mkulima wa majani chai. Kwenye picha amesimama shambani, kikombe mkononi.

Shamba nililipaka kijani, koti bluu. Kilichomo kikombeni hakikuonekana, lakini mkulima wa chai atakunywa nini kingine? Nikakiinamisha kidogo, nikakijaza hudhurungi, na mvuke juu. Kemunto alipotaka kuiona kwanza nilimkatalia, eti msanii haharakishwi.

Jumamosi, siku ya Sabato, nikaifunua kanisani mbele ya waumini. Mzee akavaa miwani, akasogea.

"Mwanangu, ndani ya kikombe ni nini?"

Nikamwita Tata, yaani baba kwa Kikisii, nikapaza sauti ili hata walioketi nyuma wasikie. "Chai, Tata. Chai nzito ya shamba lako."

Kemunto akaninong'oneza kwamba baba yake hulima chai tu, hajawahi kuionja, na kwa imani yao ya Kisabato huwakataza waumini wenzake kuinywa. Kwenye picha ile alikuwa akinywa maziwa.

Mama mmoja, ambaye mzee alikuwa amemwondoa kwenye kwaya kwa kunywa chai, akainuka taratibu, akaitazama picha, kisha akamtazama mzee.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema.