Doa Lisilohama

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Shule niliishia darasa la tatu, kule Chanzuru, na sijawahi kuona aibu kulisema. Mageti mengi ya mji huu nimeyatengeneza mimi. Mtu akinicheka kwamba mzee wa darasa la tatu anachora jua kwenye daftari kila asubuhi, namwacha acheke. Geti lake nalijua.

Nilianza bila kukusudia. Umeme ulikatika kazi ikiwa katikati, nikakaa kusubiri, kofia ya kuchomelea bado iko usoni. Nikainua kichwa, nikaliona jua kupitia kile kioo cheusi, duara limetulia, na ndani yake kijidoa. Nikafuta kioo. Doa liko. Kesho yake nikaangalia tena, limesogea. Baada ya siku kadhaa likafika ukingoni, likapotea. Nikajua jua linazunguka, na hakuna mwalimu aliyeniambia.

Kwa kofia ile nililitazama miezi mingi. Halafu kipande cha chuma kikaniingia jichoni, nikapanda basi kwenda hospitali Kilosa. Daktari wa macho alikuwa binti mdogo kabisa. Akakitoa. Mimi nikamsimulia habari za jua langu, nikidhani atanisifu.

“Shikamoo tena, mzee wangu,” akasema, kana kwamba ndiyo kwanza naingia mlangoni. “Hicho kioo ni cha moto wako, si cha jua. Jua linachoma katikati ya jicho na wala husikii maumivu. Siku moja utaona doa mbele ya kila kitu, na halitatoka.”

“Marahaba. Mimi moto nimeuzoea kabla hujazaliwa.”

“Umeuzoea wewe. Jicho halizoei. Ukilipenda sana hilo jua, likamate kwenye karatasi.”

Nilirudi nimenuna, lakini nilifanya alivyosema. Dereva mmoja wa watalii aliniachia darubini ya macho mawili iliyovunjika upande wa kushoto. Nikauziba upande ule, nikachoma stendi ya nondo, nikafunga ubao wenye karatasi nyuma yake. Darubini inalielekea jua, jua linapita ndani yake na kutua kwenye karatasi, jeupe, kubwa kama kisahani cha chai. Mtu hachungulii, anatazama karatasi tu. Ile stendi hata upepo wa malori hauitikisi.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mikavu. Nachora duara tupu, kesho duara tupu. Redioni nikasikia kwamba jua nalo lina misimu, linajaa madoa na kupungukiwa kwa miaka kama kumi na moja. Nikasubiri. Miaka hii ya karibuni limejaa kweli, madoa yanakuja kwa makundi, yanavuka kwa muda wa kama wiki mbili, yanaondoka, yanakuja mengine.

Mke wangu kwao ni wafugaji, walihamia Msowero kutoka kanda ya ziwa. Kila akipita na ndoo ananiuliza, “Leo wamezaa wangapi?” kama vile nachunga ng’ombe. Namjibu idadi. Ukoo wetu ulishuka kutoka milimani, basi anasema, “Nyie watu wa milimani hamjawahi kuwa na mifugo, ndiyo maana mnahesabu ya mbinguni.”

Basi, masika yaliyopita yalipokwisha likaja doa moja, chini kidogo ya katikati. Jeusi, kingo zake zimefifia, doa zuri tu. Nikalichora. Siku ya pili liko palepale. Siku ya tano wenzake wamesogea, lenyewe liko palepale. Siku ya nane, nilipomaliza kulichora, nikaweka kalamu chini nikafikiri. Jua linazunguka, hilo nililigundua mwenyewe. Doa lisilohama si la jua. Nikageuka nikatazama ukuta wa karakana, nikaliona na huko, linaelea.

Nikamkumbuka yule binti wa Kilosa.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Fundi asiyeona anapochomea hata sufuria hapewi, na mimi sijui kuishi kwa kupewa. Siku zile nilichoma mshono wa tela nikaupitia kwa kidole mara tatu, sikuyaamini macho. Mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia asogeze gari lake.

Siku ya kumi na mbili nikachora kama kawaida, nikaamua kwenda Kilosa kesho yake na basi la asubuhi. Lakini kwanza nilitaka kujua mwenyewe. Saa mbili asubuhi ileile nikaweka karatasi mpya, nikamwita mke wangu, akatua ndoo, nikampa kalamu.

“Chora madoa unayoyaona.”

“Mimi? Si ulisema nitaharibu?”

“Chora, mama. Usikose hata moja.”

Nikampa mgongo. Nilikuwa natazama rundo la mabomba na sioni bomba hata moja. Nikamsikia anahesabu kidogokidogo, moja, mbili, haya matatu yamebanana. Halafu akasema, “Na hili kubwa la hapa chini ya katikati. Hili ndilo fahali lao?”

Nikageuka. Alikuwa ameliweka palepale nilipoliweka mimi siku kumi na mbili. Nikakaa kwenye ndoo yake, na ilikuwa na maji.

“Mzee, una nini?”

“Unaliona?”

“Sasa hujaniambia nichore ninachokiona?”

Kama yeye analiona, halimo jichoni mwangu. Lile la ukutani lilikuwa kivuli tu, kilichoachwa machoni na weupe wa karatasi. Nilipokaa kidogo bila kuitazama, ukuta ulirudi mtupu. Nikasimama, nimelowa, nikakishika kile kioo kidogo cha nyuma cha darubini, nikakizungusha taratibu. Madoa mengine yakabaki. Lile likazunguka nacho. Nikakifungua, nikakipeleka kwenye mwanga: tone la chuma, dogo kuliko punje ya ulezi, limeyeyukia kwenye kioo. Cheche ya mashine yangu ya kukatia chuma.

Na mimi, miaka yote, kila gari likiingia kwangu nalifunika vioo kwa gunia bichi kabla sijakata kitu, cheche zisivile. Madereva wasiokubali nawafokea mpaka majirani wanatoka. Darubini yangu mwenyewe, kila nikimaliza kuchora, nailaza juu ya meza ya kazi, wazi, hatua mbili kutoka kwenye mashine.

Mke wangu alikichukua kile kioo, akakitazama, akanitazama mimi na suruali yangu. “Gunia ulikosa?” akasema. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Basi la Kilosa nililipanda mwezi uliofuata, kwa hiari, daktari akapima macho yangu, akasema ni ya mzee, ila yanafanya kazi. Tone halikutoka. Limebaki, na mimi nalijua lilipo. Kurasa zile kumi na mbili sikuzichana. Nilizipitia na kalamu nyekundu, nikakata doa moja kila ukurasa, pembeni nikaandika “cheche”. Ukurasa wa kumi na tatu ni mchoro wa mke wangu, na huo sikuugusa.