Kamba, Majivu na Kisima cha Nkambo

Juma lililopita nilirudi Kenya, si nchi ile bali mtaa wa jiji la Lubumbashi nilikokulia, na kabla sijauona ukuta wa shule yetu ya ufundi niliunusa. Wewe uliyekulia karibu na vyoo vya shule unaijua harufu hiyo: mkojo wa zamani uliopikwa na jua, na juu yake dawa ya wadudu, kama marashi juu ya jasho. Nikaziba pua kwa kitenge. Hapo hapo palikuwa na kisima cha nkambo wangu, bibi mzaa mama.

Maji yake yalikuwa matamu, na si utoto unaonidanganya. Wanafunzi waliruka ukuta mfupi kuja kuyanywa kwa kikombe kimoja cha bati. Asubuhi za Julai, baridi ikituuma masikio, ndoo ilipanda ikifuka mvuke, na nkambo, mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, alitugombeza: "Moja-moja! Muko bantu ao muko bata?"

Mwaka wangu wa kwanza katika ujenzi tulifundishwa na mama mfupi aliyevaa buti za marehemu baba yake, mtu wa reli. Tulimwita Madame. Shule ilitaka vyoo vipya, naye akaomba tuvipimie kiwanja sisi wenyewe. Hakuanza na kamba. Alianza na ndoo ya maji, akaimwaga juu ya udongo mwekundu tuliokwisha kuufyeka, akachuchumaa. "Muache maji ionyeshe kwenye inaenda." Maji yakatambaa kuelekea barabara, mbali na kisima cha nkambo. Huko chini ndiko alikopigilia kigingi cha kwanza.

Kisha kamba yenye mafundo: vipimo vitatu upande huu, vinne upande ule, na vitano vikikutana sawasawa, pembe imesimama. Halafu tulivuta kamba kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Mishazari miwili isipolingana, aling'oa vigingi vyote.

"Madame, ni kidole tu!" mmoja wetu alilalamika.

"Kidole tu? Leta yako nikate."

Kamba haina ndugu, alituambia kila siku. Mwisho tulinyunyiza majivu chini ya kamba ili wachimbaji waone njia. Kila mtoto alileta majivu ya makaa ya kwao. Nkambo alitoa beseni zima. Na palipokuwa na mlango tuliacha nafasi, kwani kwa Madame nyumba ya kamba ilikuwa nyumba: kuiruka ni wizi, unapita mlangoni. Nkambo alipotuletea viazi vitamu vya kuchemsha, alisimama penye nafasi ile, akasema, "Hodi!"

"Karibu, nkambo! Lakini hii ni choo."

"Ah! Njo munanikaribisha mu choo, na viazi mu mukono?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hata Madame.

Jumatatu tulikuta vigingi vimehama. Majivu mapya yalipita kando kabisa ya ukuta mfupi wa kwa nkambo, upande wa juu wa mteremko, hatua chache kutoka kisimani. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa ametaka upande wa barabara ubaki wa maduka ya kupangisha. Alisimama pale, kijiti cha meno mdomoni, kiatu kimoja huku na kingine huko, kamba ikipita katikati ya miguu yake.

Madame alianza kung'oa vigingi kimoja kimoja. "Prefe, maji itashuka mu kisima ya mama huyu."

"Madame, wewe fundisha batoto kupima. Kuamua, njo kazi yangu."

Baada ya likizo hatukumwona Madame tena. Tuliambiwa amehamishwa.

Shimo likachimbwa, vyoo vikajengwa. Mvua za kwanza zilipokuja, maji ya kisima yakawa rangi ya chai hafifu, kisha yakaota povu. Siku moja ndoo ilipanda na kitu ambacho sitakitaja, maana labda unakula. Nkambo alisugua ndoo kwa mchanga na majivu, akateka tena, akanusa, akasugua tena. Kisima kile alikichimba pamoja na mumewe.

Siku ya kuzindua vyoo, majirani walialikwa kunywa soda. Nkambo alivaa kitenge cha sikukuu, akaenda na kikombe chetu cha bati juu ya kisahani.

"Prefe, kunywa kwanza. Ni maji ya kwetu."

Kikombe kilifika mdomoni, kikasimama. Niliona pua yake ikijifunga.

"Aksanti, mama. Nitakunywa kisha."

"Juu ya nini kisha, hapana sasa?"

Prefe alikiweka mezani kati ya chupa. Nzi ndio waliokunywa.

"Basi unajua," nkambo akasema, akageuka kwenda nyumbani.

Leo kisima kimefunikwa kwa saruji, na juu yake kuna kibanda cha kuuzia vocha za simu. Maduka yamejipanga barabarani, hakuna pembe hata moja iliyonyooka. Milango inakwaruza sakafu ikifunguliwa. Na bado wanaongeza. Juma lililopita kamba mpya ilikuwa imevutwa kuzunguka kibanda, imelegea kama utumbo, na wapita njia wakiiruka; mmoja alijifutia matope ya kiatu juu yake.

"Yaya, ruka tu!" muuza vocha aliniita, kwa heshima ya dada mkubwa. "Kila muntu anaruka."

Sikuruka. Niliizunguka kamba yote, pua ndani ya kitenge, nikitafuta pa kupigia hodi.