Shingo ya Mrusha Mpira

Juzi niliingia duka la jinzi za jumla kule Xintang, China, nikamkuta mama mmoja wa Mwanza akipatana bei na muuzaji. Nyuma yake alisimama Mmarekani mrefu, jirani yake wa hotelini, aliyekuja kumsindikiza tu. Tukasalimiana. Akaniambia amestaafu, kazi yake ilikuwa kurusha mpira wa besiboli.

"Mwenzangu ananipa ishara niurushe vipi," alisema. "Nisipoipenda, natikisa kichwa mpaka alete nyingine."

Akatikisa kichwa kunionyesha, uso mkavu. Muuzaji akadhani huyo ndiye tajiri mwenyewe. Akafuta bei kwenye kalkuleta, akaandika ya chini zaidi.

Mama hakugeuka. "Kaka," alimwambia Mmarekani taratibu, "hebu msimulie tena."

Akasimulia tena na tena, bei ikishuka, mpaka muuzaji akafunga mzigo amenuna. Na sisi tunahangaika kujifunza Kichina.

Nje, mstaafu akadai chake. Mama akamkazia macho, akatikisa kichwa. Jamaa akapunguza. Mama akatikisa tena.

Nilipowaacha walikuwa wamefikia bakuli moja la tambi, na shingo ya mama ilikuwa bado haijachoka.