Reli ya Kumfikia Mama Mkubwa

Nchi yetu haina treni. Kuna ile wanayosema inakuja kutoka Tanzania, nasi tunaingoja kwa utulivu wa watu waliozoea kungoja petroli. Lakini baba mkubwa wangu, kaka yake marehemu baba, ni dereva wa treni. Mwenyewe hataki kuitwa dereva, anasema dereva ni wa teksi. Yeye ni mashinisti. Ujanani aliendesha treni za mvuke upande wa Kalemie, huko Kongo, kisha machafuko yakamvusha ziwa akafika Bujumbura na koti moja, akaoa, akazeeka. Tangu nimfahamu sijamwona akimaliza kikombe cha chai bila treni kupita katikati.

Aliyemwoa hakuamini hata behewa moja. Mama mkubwa ni mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, na ulimi wake ni wa huko huko, ambako "ndiye" na "ndiyo" husemwa "njo". Mzee akishaanza habari za Kalemie mbele ya wageni, yeye huweka sahani chini na kusema, "Musimusikilize. Bwana yangu alikuwa anachoma kuni tu. Treni ilikuwa inaendeshwa na mutu mwingine." Wageni wanacheka, mzee ananuna, chai inaongezwa. Ndoa yao imekwenda hivyo miaka yote, na mimi niliona ni mchezo wa wazee.

Halafu treni ikapatikana. Huko kwenye uwanda wa Imbo kulikuwa na shamba la zamani la pamba, na ndani ya magugu kulikuwa na kichwa kidogo cha treni ya mvuke pamoja na reli zake nyembamba, zile ambazo Wakongo wanaziita dekovili. Warithi wa shamba walitaka vyuma hivyo viondoke. Habari zikafika Buyenzi, mahali ninapouza vipuri, na mafundi wa Buyenzi nyote mnawajua: mwonyeshe fundi kitu kilichokufa, anapata hamu ya kula. Walikibeba kwa lori hadi Buterere, anapoishi baba mkubwa, kwa kuwa kule angalau kuna uwazi kati ya nyumba na mashamba ya mpunga. Wakajenga banda la mabati, wakatandika reli kipande kifupi, wakaziba matundu ya boila, na mzee akawafundisha kuwasha moto. Wallahi, kilitembea! Kila Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, kilikwenda mbele kikarudi nyuma, kikaenda mbele kikarudi nyuma, kama mtu aliyepoteza funguo. Watu walitoka hata Kibenga, mtaa wa wenye pesa, na viatu vyao visafi kuja kupiga picha.

Mama mkubwa hakuja. Nyumba yake haiko mbali na lile banda, ila miguu yake imevimba na ni muda mrefu hajavuka lango lake. Tulimwambia tutambeba kwenye kiti. Alituangalia kama tumemtukana.

"Mi si gunia," alisema. "Kama uyo muzee njo mashinisti wa kweli, alete treni yake hapa kwa mulango yangu. Treni njo inafata mutu."

Jumamosi iliyofuata baba mkubwa alikuja bandani bila hadithi. Alikaa juu ya rundo la kuni akatusimulia jibu la mkewe, na hakucheka.

"Mi na yeye, hatujui nani atatangulia," alisema. "Nataka anione mara moja tu, niko juu ya mashine. Mara moja tu, basi."

Mchomeleaji mmoja akafuta mikono kwenye suruali na kusema, "Basi tunaipeleka." Hivyo ndivyo kampuni yetu ya reli, isiyo na ofisi wala mshahara, ilivyoamua kupanua njia.

Ee, kazi ile! Udongo wa Buterere unakunywa kila kitu. Tulimwaga mawe, yakazama. Tukamwaga mengine. Juu yake tukalaza mataruma, yale magogo yanayoshika reli, tuliyoyakata kwenye mikaratusi. Kubeba chuma chenyewe kulihitaji mabega mengi na wimbo mmoja, na wimbo ndio uliotugombanisha, maana mafundi wa Buyenzi walitaka kaswida, kwaya ya jirani ikataka wimbo wake, na akina mama wa Kikongo wanaouza samaki wakaanza wa kwao bila kuuliza mtu. Reli ilikwenda kwa nyimbo tatu kwa pamoja. Mimi nilikabidhiwa fimbo ya kipimo, ile inayohakikisha reli mbili haziachani wala hazikaribiani. Waliniambia ni kazi ya heshima. Nikaelewa kwamba ni kazi ya mtu asiyeweza kubeba.

Kosa letu lilikuwa adabu. Cheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulivuta kamba toka bandani hadi lango la mama mkubwa, ikanyooka vizuri kabisa, na njiani ikapita mahali kwaya inapoweka hema la maombi, halafu uwanja ambao mzee mmoja anaanika muhogo wake, halafu katikati ya tuta la lengalenga, mchicha wa kwetu, la mama mmoja mjane. Tukaenda kubisha hodi kwa kila mmoja. Wote walijibu vilevile: "Piteni tu, apana shida." Sasa, jirani wa kwetu akikuambia apana shida huku anaangalia vidole vya miguu yake, ujue shida ipo, tena kubwa, na mtu aliyelelewa vizuri hapiti. Kwa hiyo tukazunguka hema. Tukazunguka muhogo. Fundi wa magari, kwa upande wake, haogopi kona. Kwake yeye kona ni habari ya usukani, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza usukani wa treni uko wapi.

Mtu angetegemea baba mkubwa akatae. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulegea. Alisimama mbele ya lile tuta, akamwona mjane amejishika kiuno, akakuna kichwa. "Uyu mama analisha watoto na izi mboga," alisema. "Tuzunguke. Nitapita polepole." Wengi wape, na hapa wengi na mwenye treni walikuwa upande mmoja. Tulipomaliza, reli yetu ilikuwa imenyooka kama utumbo wa mbuzi. Tukaipiga picha, tukajipongeza.

Siku yenyewe mama mkubwa alikuwa langoni mapema, kwenye kiti, amevaa kitenge chake cha kuendea harusi za watu. Nilipomsifu alisema ametoka kuota jua tu. Jua lenyewe lilikuwa nyuma ya mawingu.

Moto ukawaka, moshi ukapanda, watoto wakapiga kelele, na kile kichwa kikatoka bandani kikihema. Baba mkubwa alisimama juu yake wima, amefunga koti hadi kifungo cha shingo kwenye joto lile. Mkono mmoja kwenye wenzo wa mvuke, macho mbele. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilizoea mzee anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake, na huyu alikuwa bwana mwingine kabisa. Kwenye hema magurudumu yalilia lakini yakapita. Kwenye muhogo kikayumba, sote tukayumba nacho, kikapita. Penye kona ya mwisho gurudumu la mbele likapanda juu ya reli, likasita kidogo, halafu likashuka upande wa pili. Likaingia kwenye lengalenga. Zile zile tulizozikwepa!

"Apana shida," mjane alisema kwa sauti ndogo.

Mafundi wote wakaongea kwa wakati mmoja. Huyu anataka jeki, yule anataka mbao, mwingine anauliza nani alishika fimbo ya kipimo. Mimi nilikuwa namwangalia baba mkubwa. Hakushuka. Aliendelea kushika wenzo wake na kutazama lile lango, karibu kiasi cha kuona uso wa mkewe, mbali kiasi cha kutofika. Nilimhurumia.

Ndipo bwana mmoja wa viatu visafi, nyuma huko, akacheka na kusema ili wote wasikie, "Kumbe kweli, muzee alikuwa anachoma kuni tu."

Maneno yale ni ya mama mkubwa, nani asiyejua. Ameyasema miaka na miaka. Lakini yalipotoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, nilimwona mama mkubwa akishika mkongojo. Akasimama. Binti wa jirani akakimbia kumshika mkono, yeye akamsukuma binti pembeni. Akavuka lango. Alikuja kwenye matope yale taratibu, akipumzika, akiendelea, na umati wote ukampisha. Aliposimama mbele ya yule bwana alikuwa anahema kuliko boila.

"We unacheka nani?" alisema. "Uyu ni bwana yangu. Ni mashinisti. Aliendesha treni Kalemie mbele ya mama yako kuzaliwa. Mashinisti apana kosa. Nyie wote njo mumetengeneza njia mubaya!"

Akatugeukia sote, mafundi, kwaya, wauza samaki, na mkongojo ukaja kusimama kwenye pua yangu mimi na fimbo yangu. Maisha yangu yote sijafurahi kugombezwa kama siku ile. Nililia, sikatai, na mchomeleaji alilia akasingizia moshi.

Baba mkubwa alikuwa amegeuka. Alimtazama mkewe chini pale kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugenini. Mama mkubwa akanyoosha mkono juu.

"Nivute."

Mzee akavuta, sisi tukasukuma kutoka chini bila adabu yoyote, hadi akakaa juu ya sanduku la kuni ubavuni kwake. Akapanga kitenge chake. Akatazama mbele, kule kwake, kwenye lango lililobaki wazi na kiti kitupu.

"Haiendi tena, mama," baba mkubwa akamwambia.

"Nimesema iende?"