Mbegu Isiyo na Moshi

Ukitaka kunikasirisha mpaka leo, niambie jiko la mama yangu ni zuri. Wageni husema hivyo. Wanaingia, wanapapasa taili, wanafungua bomba na kulifunga, halafu wanasema kijana wenu ni baraka. Mimi huwatazama tu. Kabati zile nyeupe za juu ndizo zilizoua mbegu ya mama, na mkono uliozipanga ni wangu.

Jiko la zamani lilikuwa kibanda cha mbao na mabati, hatua chache kutoka nyumba kubwa, kwenye shamba letu la chai kule Kibugu. Ndani mlikuwa na mafiga matatu, kigoda cha mama, na juu ya moto palikuwa na itara, yaani uchaga wa fito wa kukaushia kuni. Sisi watoto tulijua tumekuwa watu wazima siku tulipoanza kugonga vichwa kwenye itara. Ila itara ya mama haikuwa ya kuni peke yake. Kwenye fito zake yalining'inia mahindi ya mbegu, mawili mawili, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe, meusi ti kwa masizi. Fukusi, mdudu anayetoboa nafaka, hastahimili moshi. Kabla ya mavuno mama alipita shambani peke yake akichagua hayo ya kutundika, akipapasa hindi moja moja kama mtu anayemtafutia mwanawe mke.

Mbegu hiyo aliolewa nayo. Mama yake alimfungia mahindi sita ndani ya kiondo, meupe yenye punje chache za zambarau, akamwambia asije akala yote hata njaa ikiwa kali namna gani. Hakuyala. Tangu siku hiyo alipanda, akachagua, akatundika, na hajawahi kununua mbegu dukani hata msimu mmoja. Tulilelewa kwa githeri, mahindi hayo yaliyochemshwa pamoja na maharagwe. Nikila githeri ya mahali pengine naona kama ninatafuna vifungo vya shati.

Mwaka jana mwishoni mwa Novemba mama alipasuliwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na daktari alisema wazi kwamba akirudi kwenye moshi atayaharibu tena. Akakaa kwangu Embu mjini wiki tatu, miwani nyeusi usoni, akilalamika kwamba nyumba yangu haina mlango wa kutokea kwenda kumwaga maji. Ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi Nairobi, alinipigia simu jioni ileile ya upasuaji.

"Sister, hii ndiyo chance yetu," akasema. "Akirudi akute kila kitu ni kipya. Krismasi tunakula jikoni kama watu."

Kama watu! Kwani miaka hiyo yote tulikula kama nini? Hilo nililiwaza baadaye. Siku ile nilisema ndiyo, tena kwa furaha, na ninajichukia kwa furaha hiyo kuliko ninavyomchukia yeye.

Akaleta fundi na picha kwenye simu, jiko la watu wa ng'ambo lisilo hata na tone la mafuta. Kibanda kiliachwa mpaka mwisho, kikabomolewa asubuhi moja. Kwenye ukuta wa nyumba kubwa kukaongezwa chumba kizima cha mawe, taili za rangi ya maziwa, jiko la gesi, sinki, na kabati kutoka ukuta hadi ukuta. Sikatai, kilikuwa chumba kizuri. Ubaya ni kwamba hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Mimi nilikwenda Jumamosi kupanga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na darasani kwangu hata chaki ina kwao. Kabla fundi hajagusa itara, niliteremsha mahindi ya mbegu, nikayapangusa masizi kwa kitambaa chenye maji, nikayapukuchua yote. Punje nikazitia kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko cha kijani, nikakibana mpaka kikalia. Nikabandika karatasi, nikaandika MBEGU kwa kalamu nene, herufi kubwa, zimenyooka kama mfano wa ubaoni. Ndoo ikaenda kabati ya juu, karibu na friji, mahali pa joto. Kisha nikapiga picha nikamtumia ndugu yangu, naye akanirudishia vidole gumba vitatu.

Nimezaliwa Kibugu. Nimelala chini ya itara hiyo nikiwa na surua. Nilijua kwa nini mahindi yanatundikwa, lakini siku ile niliona masizi tu, nikaona uchafu. Ningekuwa mgeni ningesamehewa.

Mama alirudi wiki ya kabla ya Krismasi. Alivua miwani mlangoni pa nyumba, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri baada ya miaka kilikuwa ni mahali palipokuwa na jiko lake. Palikuwa pamesawazishwa na kumwagwa kokoto, pa kuegeshea gari. Ndugu yangu alimshika mkono akamzungusha jiko jipya, akimwonyesha hiki na hiki, naye akasema "asante, mwanangu" kila alipoonyeshwa kitu.

Mwisho akaniuliza mimi, "Mbegu iko wapi?"

"Iko salama, Mama." Nikateremsha ndoo, nikamsomea karatasi.

"Inapumua?"

Nikacheka. Nikamwambia hewa ndiyo inayoingiza wadudu. Mama akasema "sawa," na sawa ya mama yangu haijawahi kuwa sawa.

Siku chache baadaye, sote tukiwa mezani, alimwomba ndugu yangu amjengee kibanda kidogo tu nyuma ya zizi, cha kutundikia mbegu. Hakuomba cha kupikia. Angewasha moto mara moja kwa siku, akatoka nje. Ndugu yangu akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, huko tumetoka." Halafu akanitazama mimi, dada mkubwa, mwalimu, nimsaidie. Nilimeza chai. Nilikuwa na sentensi mdomoni nikaimeza pamoja na chai.

Kuanzia hapo mama aliacha kupika. Gesi aliiogopa, alisema inanguruma kama mtu mwenye deni naye. Alijaribu githeri mara moja, mtungi ukaisha kabla maharagwe hayajalainika, akaipeleka sufuria nzima kwa kuku. Nilipokwenda wikendi nilikuta mkate mezani na chupa ya chai. Mwanamke aliyelisha nyumba nzima, wachuma chai na wapita njia, sasa anakula mkate mkavu katikati ya kabati kumi na mbili. Nami nilimkemea! Nilimwambia anadeka.

Machi mvua ilipoanza kunukia, mama alinipigia simu nije nimteremshie ndoo, mikono yake haifiki. Kifuniko kilikataa, nikakifungua kwa kijiko. Kwanza tulisikia harufu ya uvundo. Kisha nikatia mkono, na mkono ukatoka umejaa unga. Punje zilikuwa maganda matupu, zimebunguliwa zote, na fukusi wakipanda juu ya vidole vyangu kwa raha zao. Za chini zilikuwa zimeshikana kwa ukungu, maana mimi na kitambaa changu cha maji tulikuwa tumezilowesha. Mama alipepeta konzi moja, akapepeta nyingine. Alitafuta mpaka chini ya ndoo asipate punje hata moja yenye moyo. Hakunilaumu. Alibandua ile karatasi ya MBEGU, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa aproni.

Nilitoka nje nikampigia ndugu yangu.

"Sister, si ni mahindi tu?" akasema. "Nitamnunulia mbegu, hata gunia. Ya dukani inazaa kushinda hiyo."

Sitayaandika niliyomjibu, kwa sababu wanafunzi wangu wanajua kusoma. Nilipiga kelele mpaka wachuma chai wa jirani wakainua vichwa. Nilimwambia usiache mbachao kwa msala upitao, naye hata msala hakuujua, hasira ikanizidi. Nilipokata simu nilikuwa ningali na maneno, na wa kuambiwa maneno hayo alikuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda Kianjokoma kwa rafiki wa mama, mwanamke aliyeolewa mwaka mmoja naye. Nilikumbuka kwamba zamani, ukame ulipommalizia rafiki huyo kila kitu, mama alimpa mbegu. Kwetu mbegu ya namna hiyo haiuzwi. Unapewa, nawe unaitunza ili aliyekupa asije akaikosa. Nilimkuta anakoroga uji kwenye kibanda cheusi kilichonitoa machozi kabla sijasalimia. Nikamweleza yote, hata kitambaa cha maji.

"Umesoma wewe?" akaniuliza.

"Nimesoma."

"Mpaka wapi?"

Nikafuta machozi ya moshi. Akanyoosha mkono kwenye itara yake bila kuinuka, akateremsha mahindi matano. Nilimenya ganda moja kidogo, na punje za zambarau zikanitazama. "Mwambie mama yako haya ni yake," akasema. "Nilikuwa nimemwekea tu."

Nilirudi Kibugu nimeyapakata kama mtoto. Mama aliyapokea, akayanusa, akayapapasa moja moja. Nilimwona akitabasamu, kisha nikaona tabasamu likiondoka. Akanirudishia.

"Rudisha."

"Mama, mvua imefika!"

"Nitapanda, sawa. Nitavuna, nitachagua. Halafu nitatundika wapi, kwa bomba? Siwezi kuyaua mara mbili. Rudisha kwa mwenye moshi."

Niliyaweka mahindi mezani, nikaenda kuchukua jembe. Kuna jambo nililokuwa nikilipita na kulisifu tangu Krismasi, ila hasira ndiyo iliyonifumbua macho. Ndugu yangu alikuwa amepanga mawe pande zote mbili za njia kutoka geti hadi kokoto zake, yote yamepakwa rangi nyeupe, kama kwa chifu. Mengi yalikuwa mawe ya mtoni. Lakini moja lilikuwa na kiuno, limelika upande mmoja pale masufuria yalipoegemea miaka yote. Nilianza kulichimba.

Gari la ndugu yangu likaingia. Alikuwa amekuja Jumamosi hiyo kusuluhisha, na nyuma ya gari alikuwa na mfuko wa mbegu ya dukani.

"Sister, unaharibu compound!"

"Ni mafiga ya Mama haya! Umeyapaka rangi kama makaburi!"

"Mimi nilijua? Fundi alisema ni mawe. Mawe ni mawe!"

"Na mimi niliyeyajua sikusema!" nilimpigia kelele. "Niliyapita nikayasifu! Nilikutumia picha ya ndoo!"

Tulikuwa tumesimama hapo na mvi zetu tukifokeana kama watoto waliovunja chungu, wakati mama alipotoka. Alitembea polepole kwenye njia, bila miwani. Akagusa kwa mguu jiwe nililokuwa nalichimba. "Hilo," akasema. Akasogea hatua nne. "Na hili. Lile la tatu liko huko karibu na geti, chini ya ua. Mmeliweka kichwa chini."

Hakusitasita hata kidogo. Tangu Krismasi alikuwa akiyapita kila siku, akienda kanisani na akirudi.

"Mama," nikamwambia, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nayaona," akasema. "Si mlinitengenezea macho?"

Ndugu yangu aliweka funguo za gari juu ya kokoto, akaenda getini kuling'oa la tatu kwa mikono. Jioni tulisimamisha nguzo nne na mabati mawili nyuma ya zizi, na fito chache juu. Mama aliwasha moto mwenyewe, akarudi nyuma mbali na moshi, akaniamuru mimi nikae. Rangi iliungua kwenye mafiga ikatoa uvundo wa kutapisha. Nilikaa hapo mpaka ikaisha yote, macho yakiniwasha, na mahindi matano juu ya kichwa changu.