Mbuzi kwa Mlima wa Ukutani

Baba yangu ni mchoraji. Nasema mapema, kwa sababu kwetu Mususa, mtaa wa Butembo, wanamwita fundi wa malori: kinachotulisha ni majina ya matajiri anayoyaandika kwenye milango ya malori yao. Lakini rangi inayobaki kwenye kopo ni yake. Anaichorea misitu, bonde la Semuliki, milima yenye theluji, vitu ambavyo hakuna tajiri wa kuvilipia.

Uasi ulipopita na barabara ikafunguka, mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni alimwambia: "Fundi, depo yangu ya kahawa hapa Butembo iko bure, haina kitu, waasi balibeba yote. Tundika picha zako mule siku tatu." Ndivyo tulivyopata maonyesho. Mimi niliyaita matanga ya rangi. Niliyaita hivyo mbele ya mama mara moja tu.

Picha zilikuwa kumi na moja. Kumi zilikuwa ndogo kama sinia. Ya mwisho ilijaza ukuta: shuka tatu alizoziunga mama kwa sindano, na juu yake mlima mmoja wa upande wa Lubero, mti kwa mti, ukungu ukipanda kutoka mtoni. Baba aliihangaikia kiangazi kizima. Bila hiyo, maonyesho yangekuwa sombe, majani ya muhogo, bila mafuta.

Jumapili watu walimiminika kutoka kanisani. Sasa, sisi Wanande ukituonyesha mlima hatusemi ni mzuri. Tunauliza ni wa nani. Mama mmoja aliukagua ule msitu wote akasema maharagwe yangeota vizuri pale.

Saa tisa akaingia mwenye mlima. Mwami mwenyewe, chifu wetu, na fimbo yake, na koti la zamani za Wabelgiji. Watu wakampisha.

"Ni nani alikupa ruhusa ya kukamata mulima yangu?"

"Sikuikamata, Mwami," baba akasema. "Niliiangalia tu."

"Umebeba yote, mpaka na muto. Mutu akitaka udongo wangu analeta mbuzi. Yako iko wapi? Kama haiko, shusha."

Ndiyo desturi: anayelima mlimani kwa mwami humpelekea mbuzi. Sisi mbuzi hatukuwa naye. Waasi walikula hata dume letu zee, lililonuka mpaka kwa jirani. Nikamwona baba anavua kofia, macho yanatafuta ngazi ya kuishushia picha. Hapo mdomo wangu, uliokwisha kunifukuzisha darasani mara tatu, ukafunguka.

"Mwami, samahani. Mbuzi tutaleta. Mais lakini, mutu akitoa mbuzi, si anapata kulima? Donc basi, kesho mama atapanda maragi pale, karibu ya ule muti mukubwa. Na wewe utatuchunga, mutu asitufukuze."

Watu wakaangua kicheko. Baba akanikanyaga kidole. Mwami hakucheka; alifuata mkono wangu mpaka kwenye mti, akasogea, pua ikakaribia kugusa shuka.

"Ule muti haiko tena," akasema polepole. "Basoda ba vita baliuchoma. Mama yangu alinizalia pale chini, akitoka shamba." Akamgeukia baba. "Uliuona wapi?"

"Nilipita pale na lori mbele ya vita kuanza, Mwami. Nikaushika kwa kichwa."

Mzee akavuta gunia tupu, akakaa. Baba alikwisha kuikamata ngazi.

"Acha ngazi, fundi. Mutu asiiguse."

Siku ya tatu Mwami alirudi na watu wa kwake, wamepanda nyuma ya lori, bibi na wajukuu. Baba alivaa koti la harusi. Mimi nilisimama mlangoni nikiamuru watu wafute miguu, kama vile depo ni ya kwangu. Bibi mmoja, dada yake Mwami, akautazama ule mti mpaka machozi, kisha akaniuliza ni nani aliyeufanya.

"Ni baba yangu!"

Nilisema kwa sauti mpaka mama akanikemea kwamba hapa si soko. Nikarudia, kwa ajili ya waliokuwa bado nje.