Gari la Pili Si Mtegemezi wa Mama

Mwanangu, kabla hujacheka nikiri kabisa: nilichemsha maji, nikachukua wembe, nikabandua stika ya bima kwenye kioo cha gari la mama na kuibandika kwenye gari lake la pili. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama, nikaona imekaa vizuri. Kisha nikawasha gari.

Nakuita mwanangu. Najua nimekuzidi madarasa matatu tu, na ndevu zangu zinahesabika bila kikokotoo. Lakini mtu aliyeona nilichokiona njia ya Simbo huzeeka siku hiyo hiyo. Basi kaa, weka simu chini, nisikilize kama unavyomsikiliza babu yako akiwa ameshika fimbo.

Mama yangu ni nesi. Serikali ilimhamisha kutoka Tanga nikiwa darasa la tano, tukapanga nyumba hapa Kigoma, mtaa wa Bangwe. Wakimbizi walipoanza kushuka tena kutoka Burundi, mji ulijaa mashirika, na mashirika yakataka magari ya kukodi ya kupeleka vitu kambini. Kila mtumishi aliyekopesheka akaanza kuota gari la pili. Mama naye akaota. Tulikuwa na kagari keupe ka kumpeleka zamu; akaongeza pikapu ya bluu, kuukuu kidogo, yenye muungurumo wa mzee mwenye kikohozi. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane na leseni yangu ilikuwa na wiki sita. Nililala nayo chini ya mto.

Alhamisi tukaenda kwa wakala wa bima, Mzee Bukuru, mwenye ofisi ya chumba kimoja na feni isiyozunguka. Shirika lilitaka bima kubwa, ile inayolipa gari lako pamoja na mtu uliyemgonga. Mzee Bukuru akaandika namba ya pikapu, akaandika jina la dereva tuliyemwajiri, kisha akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Na huyu?"

"Huyu mwanafunzi," mama akajibu.

"Ana leseni?"

Nikaichomoa kama refa anayetoa kadi nyekundu.

"Wiki sita," akasoma. "Mama Saidi, kijana wa umri huu, na leseni mbichi hivi, kampuni inamwona kama kibiriti karibu na petroli. Ukimwandika, bei inapanda. Usipomwandika, asiguse usukani. Wengi huficha jina la mtoto ili bei ishuke. Mtoto akigonga, swali la kwanza litakuwa: nani alikuwa anaendesha?"

Mama akanitazama, akautazama na mkoba wake. "Nipe mpaka Jumatatu nifikirie, Mzee."

"Fikiria, mama. Ila gari lisitoke uani kabla ya Jumatatu. Halina kitu."

Wakati huo mimi nilikuwa najaribu kuizungusha feni kwa rula. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilikuwa limeshachimbiwa hata kaburi.

Sasa ona ujinga wangu ulivyokuwa na elimu ndani yake. Tangu nizaliwe natibiwa kwa bima ya afya ya mama. Mtumishi ni yeye, mimi mtegemezi. Niumwe jino Tanga, niumwe tumbo Kigoma, jina ni la mama na dawa napewa. Kwetu sisi watoto wa watumishi, bima ni kitu cha mzazi, kinafunika wote waliomo ndani kama chandarua. Nikapiga hesabu zangu: kagari keupe ni mtegemezi wa kwanza, pikapu mtegemezi wa pili, mama mmoja, bima moja. Stika ni kitambulisho tu, na trafiki akitaka kuiona ataiona.

Lakini kama niliamini hivyo kweli, mbona nilingoja mama aende zamu? Usinijibu. Swali hilo nalijua, tumeishi nalo.

Jumamosi kagari keupe kalikuwa na pancha, mama akaondoka na bodaboda. Bodaboda haijakata kona, rafiki yangu Dotto akaingia uani.

"Oya Saidi, bibi yangu yuko Simbo na magunia mawili ya udaga wa muhogo. Tukamchukulie, atatupa kuku."

Mwanangu, jitahadhari na ubaya unaokuja umebeba wema mkononi. Ningeambiwa twende kufanya uhuni, labda ningesita. Nikaambiwa twende kumsaidia bibi; nikainjika maji, nikatafuta wembe.

Kwenda kulikuwa kutamu. Nilipita Kasingirima kiwiko nje ya dirisha, nikasalimia hata watu nisiowajua. Simbo tukapakia udaga, bibi akatupa kuku, akatuombea safari njema. Tulipokuwa tunarudi, wasichana watatu wa darasa letu walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara.

"Wapigie honi, mwanangu, wajue ni wewe!" Dotto akasema.

Nikapiga honi. Nikageuza shingo nihakikishe wamenijua. Walinijua. Wakapunga mikono, wakacheka, halafu mmoja wao akashika mdomo na kupiga yowe.

Nilisikia kishindo upande wa Dotto. Kioo cha pembeni kilikuwa kimenasa mzigo wa baiskeli. Nikakanyaga breki mpaka magunia yakagonga kichwa cha gari. Nikashuka, nikazunguka gari. Mzee mmoja alikuwa ndani ya mtaro, baiskeli juu yake, na kila mahali kulikuwa kwekundu. Shati lekundu, majani mekundu, maji ya mtaroni mekundu, yanatiririka polepole kuja kwenye viatu vyangu. Nikaanguka magotini katikati ya wekundu ule, nikamshika yule mzee kichwa, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Dotto ni Mkristo, lakini nilimsikia akisoma Bismillahi. Kuku naye alishaondoka.

Yule mzee akafumbua macho. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwana wangu, kwa Kiswahili chake cha Kirundi, "acha kelele. Si damu. Ni mawese yangu."

Alikuwa amebeba madumu mawili ya mawese kupeleka sokoni Ujiji, na yote mawili yalikuwa yamepasuka. Nikacheka, mwanangu. Nilicheka kwa faraja, kama mwendawazimu. Ndipo nikauona mguu wake wa kulia. Chini ya goti ulikuwa umeelekea upande ambao miguu haielekei.

Watu walitoka katika nyumba ambazo sikudhani zina watu. Mmoja akanikwida shati. "Ndiye huyu! Kamuua Mzee Nestori!"

"Sijafa, Kisabo," mzee akasema kutoka mtaroni. "Mwachie, ni mtoto. Niondoleeni baiskeli kwanza."

Kumbe alikuwa mkimbizi wa zamani, aliyekuja Kigoma akiwa kijana na kupanda michikichi yake Simbo mikungu ikiwa bado ndoto. Hana ng'ombe, hana duka. Ana miguu miwili, ile anayopandia mchikichi na kukanyagia baiskeli. Niliyasikia hayo kwa waliokuwa wananizomea, na kila neno lilinipunguza kimo.

Trafiki akaja. Akaisoma stika, akaisoma namba ya gari, akarudia.

"Hii stika ya gari dogo jeupe. Hili ni pikapu, tena la bluu. Kijana, wewe huwa unakwenda shule na sketi ya dada yako?"

"Afande, zote ni za mama."

Hata yule aliyenishika shati aliniachia, nadhani kwa huruma.

Mzee Nestori akapakiwa kwenye bajaji, mimi nikakalishwa nyuma ya trafiki kwenye pikipiki yake, fomu ya polisi mkononi. Hospitali, nesi aliyekuja akikimbia na machela alikuwa mama. Aliniona mimi kwanza, mwekundu kuanzia kifuani hadi magotini. Hakupiga kelele. Alinishika kichwa, akanipapasa shingo, mbavu, tumbo.

"Wapi? Saidi, wapi panauma?"

"Mama, si damu. Ni mawese."

Akageuka akamwona mzee, akaona na mguu. "Kagongwa na nani?"

Nilitafuta utani. Mimi, ambaye nina utani hata msibani, nilitafuta nikakosa. Nikajinyooshea kidole.

Mama akanipa mgongo, akashika machela, akaanza kazi. Hakunisemesha siku hiyo, wala siku ya pili.

Jumatatu tukakaa tena mbele ya Mzee Bukuru. Nikajaribu kujieleza, habari za mtegemezi wa kwanza na wa pili. Akavua miwani, akainuka, akatazama dirishani, akarudi kukaa.

"Bima ya afya inamfuata mtu," akasema. "Ya gari inalifuata gari, kwa namba yake, na madereva wake kwa majina yao. Stika uliyobandua haikuhamisha kitu, kijana. Kama pikapu lingekuwa limekatiwa, na wewe umeandikwa, leo kampuni ingemtibu yule mzee na kumlipa msimu aliopoteza. Sasa hakuna kampuni. Kampuni ni mama yako."

Pikapu iliuzwa kabla haijabeba hata gunia moja la kambini. Fedha zake zilikwenda kwenye vyuma vya mguu wa Mzee Nestori na chakula cha nyumba yake. Mimi nilifikishwa mahakamani, nikatozwa faini, na leseni ikachukuliwa. Bado daktari alisema mguu ukiunga vibaya, mzee hatapanda mchikichi tena maishani. Tukawa tunangoja mfupa wa mtu uamue.

Nilikwenda wodini kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Shikamoo Mzee. Pole sana. Ajali haina kinga."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Ajali ni mti kumwangukia mtu anayepita. Wewe ulikuwa unawapigia wasichana honi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono wake. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

"Na mikungu yangu inaiva," mzee akaendelea. "Unajua kutumia panga?"

"Sijui, Mzee."

"Ego, sawa. Utajua."

Nilijua. Baada ya vipindi vya shule nilikwenda Simbo kwa miguu, nikakata mikungu ya michikichi ile mifupi, nikachomwa na miiba mpaka viganja vikawa kama chujio, mke wake akinicheka kwa Kirundi. Wiki zikapita. Siku vyuma vilipotolewa, mzee alikanyaga sakafu ya wodi, akayumba, akakanyaga tena. Daktari akasema atapanda, tena si muda mrefu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiwa na leseni changa, na nyumbani likaja gari la pili, usione aibu kuuliza: hili limekatiwa bima yake? Mimi nimeandikwa? Kama jibu ni hapana, ufunguo ni chuma tu, uache ukutani. Mkumbushe na mzazi asifiche jina lako kwa kutafuta bei nafuu, kwa sababu unafuu huo hulipwa na mtu asiyekuwepo mlipokuwa mnahesabu, mtu aliyetoka kwake asubuhi na madumu mawili. Na ukijikuta unangoja watu wazima waondoke ndipo ufanye jambo, jua jambo hilo tayari umeshalihukumu mwenyewe. Wahenga wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza. Ulimwengu ulinipa masomo ya ziada.

Siku ile ya kutolewa vyuma tulitoka wodini pamoja, mimi na mama, tukatembea mpaka nje ya lango. Hapo ndipo aliposimama, akanishika bega, akayasema aliyoyanyamazia wiki zote zile. Nakupa kama yalivyotoka kinywani mwake:

"Saidi, siku mbili nilisita mimi kulipia bima, na asubuhi moja ukaendesha wewe, na vyote viwili vikamlalia mzee wa watu mguuni. Mimi nimetubu yangu, wewe katubu yako kwa panga mpaka mikungu iishe. Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, na asikupe hata mmoja uliokatwa kwenye maisha ya mwenzio."